UZI: Kufunga namba ya mbele kwenye gari za kisasa bila kuharibu bampa, sensa wala rada (Kigoma na jirani)

MwanaGungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwakeye.

Naandika hili kwa kirefu kwa sababu gari za namba E, yaani zilizosajiliwa karibuni, zinazidi kuingia Kigoma, na nyingi zinanifikia zikiwa na matundu mbele ambayo hayakuwa na sababu ya kuwepo. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Mwanga. Mtu atashangaa fundi umeme anahusikaje na pleti namba. Anahusika kwa sababu bampa la siku hizi limejaa umeme.

Corolla za zamani ulikuwa unatoboa popote, nyuma hukuti kitu zaidi ya uwazi na chuma. Gari ya leo bampa ni ganda la plastiki lenye unene wa kama milimita 3 tu. Nyuma yake kuna povu la kupokea mshtuko, boriti ya chuma au alumini, nyaya za sensa za kuegeshea, nyaya za taa za ukungu, honi, halafu nyuma kidogo kondensa ya AC (inayopoza gesi yake) na rejeta. Gari nyingine zina kamera chini ya nembo na rada nyuma ya nembo yenyewe. Fundi anayeshika drili bila kujua hayo anabahatisha kwa mali yako.

Hoja yangu ni hii: jua kilicho nyuma ya bampa lako kabla hujatoboa. Ukishajua, mara nyingi utakuta huna haja ya kutoboa gari kabisa.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka namba mbele na nyuma, zionekane na zisomeke. Vijana wanaonionyesha video za gari za Marekani zisizo na kitu mbele, kule kila jimbo lina utaratibu wake. Florida, Michigan na Pennsylvania hawadai namba ya mbele, California na Texas wanadai. Hapa kwetu namba ya kuegemeza kwenye dashibodi haihesabiki.

Sasa kazi yenyewe. Gari zetu nyingi zimetumika Japani. Pleti ya Japani ni milimita 330 kwa 165, inashikwa na bolti mbili za M6 (unene wa milimita 6) zilizoachana milimita 210, spana namba 10. Pleti ile hutolewa kule kule gari inapofutiwa usajili, lakini mahali pake panabaki. Pangusa matope katikati ya bampa, pitisha kidole, utazikuta nati mbili zimejificha au zimefunikwa na vifuniko vidogo vya plastiki. Hizo ziliwekwa na waliounda gari, na waliziweka mahali ambapo pleti haizibi sensa wala kamera. Kuziacha hizo na kutoboa matundu mapya pembeni ni kujitafutia hasara.

Tatizo ni kwamba pleti yetu ya mbele ni ndefu na nyembamba. Ukiifunga moja kwa moja kwenye nati mbili za katikati yanatokea mambo mawili. Kwanza, bolti inaweza kuangukia juu ya herufi au tarakimu, na kichwa cha bolti kikikaa kwenye 3 kinaweza kuifanya isomeke vingine. Pili, kila upande inabaki karibu sentimita 15 bila kushikwa. Hiyo ndiyo inayopiga kelele ukiteremka kutoka Mwanga, na ndiyo inayopinda ukigusa nyasi.

Dawa yake ni kibao cha kati. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini, waombe kipande cha bapa la milimita 3 lenye urefu unaopungua kidogo tu ule wa pleti. Toboa matundu mawili katikati yaliyoachana milimita 210, kifunge kibao kwenye nati za gari kwa bolti za kichwa bapa. Halafu pleti ifunge kwenye kibao, kwenye ncha zake mbili na sehemu zilizo wazi kati ya herufi. Hapo unakuwa umetoboa alumini na pleti tu, gari haijaguswa. Siku ukiuza, mnunuzi atakuta bampa zima.

Bampa nyingi za sasa zina mbinuko katikati, kwa hiyo kibao kitagusa katikati na ncha zitabaki hewani. Usikaze kwa nguvu mpaka kinyooke, utaung'oa uzi wa nati kwenye plastiki. Kata vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, vikunje, vibandike nyuma ya kibao mpaka nafasi ijae. Mpira huo unafanya kazi nyingine kubwa: unazuia vumbi. Vumbi jekundu la njia ya Kasulu likiingia kati ya chuma na rangi, mtetemo unaligeuza msasa. Nimefungua pleti zilizokaa mwaka mmoja tu nikakuta rangi imeliwa mpaka plastiki nyeusi imetokeza, alama mbili za duara pale kona za pleti zilipokuwa zikicheza.

Urefu wa bolti nao uangalie. M6 ya milimita 16 au 20 inatosha. Watu wanachukua yoyote iliyoko kwenye kopo, inatokeza nyuma kama kidole kizima, na siku ukimgusa mwenzako kidogo kwenye foleni inasukumwa kwenda kwenye kondensa. Gesi ya AC inakwisha palepale kwa sababu ya bolti ya pleti.

Karibuni. Mwenye aina ya gari yake aitaje tuangalie.

DadaKibirizi

Kaka MwanaGungu, asante sana. Mimi nina Toyota C-HR ya 2017. Fundi mmoja aliniambia namba ikikaa chini itang'olewa na matuta, akaipandisha juu akaifunga kwenye shoo, ule wavu wa hewa wa mbele, kwa zile tai za plastiki za kufungia nyaya. Tangu hapo kuna taa ya njano inawaka kwenye dashibodi na maandishi ya mfumo wa kuzuia kugonga. Yeye anasema ni mafuta ya huku. Ni kweli?

MwanaGungu

Dada, mafuta hayahusiki. C-HR yako ina Toyota Safety Sense, ndio huo mfumo wa kuzuia kugonga, yenye rada na kamera. Kamera iko juu kwenye kioo karibu na kioo cha kutazama nyuma, na rada iko nyuma ya ile nembo ya Toyota mbele. Mawimbi ya rada yanapita kwenye plastiki ya nembo, lakini hayapiti kwenye chuma. Pleti ni bati. Ukiiweka mbele ya nembo, hata ikifunika nusu tu, umeiziba rada macho. Gari inajua kuwa haioni, inakutaarifu na kujizimia mfumo.

Toa namba pale, irudishe chini kwenye bampa kwa kibao. Halafu safisha nembo kwa kitambaa laini chenye maji. Matope mazito tu yanatosha kuwasha taa ile ile, hasa ukitoka safari ya Buhigwe kwenye mvua. Washa gari, tembea kidogo, utuambie.

Na kwa wengine wenye Toyota, msichanganye. Toyota Safety Sense zilikuwa za aina mbili zilipoanza. Gari ndogo kama Vitz, Aqua na Corolla za miaka ile zilipewa aina C, inayotumia leza na kamera, vyote viko kwenye kioo cha mbele. Hizo hazina rada kwenye shoo. Kubwa zaidi, kama C-HR na Prado ya kuanzia mwisho wa 2017, zina aina P yenye rada kwenye nembo. Ukiona nembo ya mbele ni bapa, laini na inang'aa kama imefunikwa na kioo, badala ya kuwa na mashimo ya kupitisha hewa, chukulia kuna rada nyuma yake.

MwanaSubaru_Katubuka

Forester yenye EyeSight, ule mfumo wa Subaru wa kuzuia kugonga, je? Nimeambiwa nisifunge namba kabisa mpaka niende Dar.

MwanaGungu

Funga tu, mkuu. EyeSight inaona kwa kamera mbili zilizo juu ya kioo cha mbele, kushoto na kulia kwa kioo cha kutazama nyuma. Pleti ya bampa haifiki huko. Unachotakiwa kukichunga kwenye Subaru yenye EyeSight ni kioo chenyewe: usibandike stika mbele ya kamera, na kioo kikivunjika usikubali kuwekewa cha kubahatisha.

DerevaUvinza

Niongeze la barabarani, maana mimi napiga Kigoma–Uvinza–Kaliua–Tabora muda wote. Pleti za mbele zinazopotea zinapotelea kwenye maji. Dereva anakuta dimbwi, hajui kina, anaingia na mwendo. Maji yanapiga bampa kwa kishindo, yanaingia nyuma ya pleti na kuisukuma kuja mbele. Kama imeshikwa na skrubu mbili za mbao au tai za plastiki, inaondoka na wewe husikii. Unakuja kuambiwa na trafiki mbele huko.

Kwenye maji punguza mwendo kabisa, ingia taratibu kama unatembea. Na ukishavuka, shuka utazame. Ukikuta imekwenda muda huo huo, rudi nyuma uipapase, mara nyingi iko pale pale kwenye tope. Ukiiacha utaanza safari ya kituo cha polisi kuchukua taarifa ya upotevu, halafu TRA kuomba nyingine. Na katikati hapo gari imekaa.

Usichonge ya mtaani kujishikiza. Namba ni mali ya usajili, inatakiwa ifanane na kadi na itoke kwa anayeruhusiwa. Kuna watu walipendezewa na zile za 3D wakajikuta wanazing'oa wenyewe kituoni.

MzeeWaUjiji

Vijana, haya yote ya nini? Riveti nne, kazi imekwisha. Mimi gari yangu ina namba ya riveti tangu namba zilipoanza kuwa za T, haijawahi kudondoka, na mwizi wa pleti haipati bila kuleta drili.

MwanaGungu

Shikamoo mzee wangu. Kwenye gari yako naamini kabisa, maana bampa lile lina chuma cha kushika riveti. Kwenye plastiki ya milimita 3 riveti inapopanuka inaisukuma plastiki kwa ndani, na baada ya muda ufa unaanzia kwenye tundu unaelekea pembeni. Jua la mchana na baridi ya usiku vinamalizia. Halafu siku ya kutoa namba lazima uitoboe riveti, na kichwa chake kikianza kuzunguka na keekee, rangi yote ya pembeni inakwanguka.

Lakini hilo la mwizi ni la kweli na umenikumbusha jambo zuri. Riveti itumike kati ya pleti na kibao cha alumini, siyo kati ya pleti na bampa. Chuma kwa chuma, hapo inashika vizuri. Na kibao kinafungwa kwenye gari kwa bolti kabla ya pleti kuja juu yake, kwa hiyo vichwa vya bolti vinafichwa nyuma ya pleti. Mwizi hana pa kuweka spana. Mwenyewe ukitaka kuitoa, unatoboa riveti juu ya alumini, mbali na rangi.

MzeeWaUjiji

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Nitamwambia kijana wangu, ana kigari kipya.

TaboraIpuli

Salamu kutoka Tabora. Kuna breketi zinauzwa mtandaoni, unaifunga kwenye lile tundu la ndoano ya kuvutia gari, pleti inakaa pembeni ya bampa. Hakuna kutoboa. Mimi nina BMW, bampa lake la mbele halina nati hata moja, nati za Japani hakuna. Nimeona ndiyo njia pekee. Mnaionaje?

MwanaGungu

Ndugu yangu, ni njia safi kwa bampa, na kwa gari ya kuzunguka mjini Tabora inafaa. Nina mambo matatu nayo lakini.

Uzi wa lile tundu haufanani gari zote. Volkswagen, kwa mfano, nyingi zinakaza kinyume, kwa kushoto. Mtu asiyejua analazimisha na kuua uzi, na uzi ule ndio unaobeba gari nzima ikivutwa. Kwa hiyo chukua ndoano iliyokuja na gari, iko kwenye vifaa vya jeki, ilinganishe na breketi kabla hujalipa.

La pili, ukikwama tope, tundu lako lina namba. Njia ya Sikonge wakati wa masika nani atakaa kufungua breketi kwanza? Basi spana yake iwe ndani ya gari, siyo nyumbani.

La tatu, pleti inakuwa pembeni, na kwenye BMW nyingi sensa za kuegeshea ziko karibu na hapo. Pima kabla.

Kama BMW yako imetoka Uingereza au Japani, angalia tena. Zilizopitia Japani mara nyingi zina kishikio cha plastiki cha pleti kilichofungwa na wauzaji wa kule, na mtu wa bandarini anakitoa na kukitupa kwa kuwa hakilingani na pleti yetu. Matundu yake yatakuwepo. Hayo hayo yatumie.

TaboraIpuli

Nimetoka kuangalia. Kuna vifuniko viwili vyeusi vidogo nilidhani ni vya kupitisha maji. Ndivyo?

MwanaGungu

Ndivyo. Vibanue kwa kucha au kadi ya plastiki, siyo bisibisi.

FundiBampa_Ujiji

Nimesoma yote, kazi nzuri. Mimi nanyoosha na kupaka rangi bampa, kwa hiyo naona mwisho wa hizi habari. Nakubaliana na mwenzangu kwamba kutoboa kuwe kwa mwisho. Lakini kuna gari utatoboa tu: bampa limebadilishwa, spea ya nje haina matundu, au nati za zamani zimezibwa na puti ya mafundi rangi. Kwa hao niseme namna ya kutoboa.

Kwanza legeza bampa au angalau fungua kinga ya chini, uingize mkono na tochi. Ona kwa macho. Kama huwezi kuona nyuma, usitoboe. Tafuta katikati halisi ya gari kwa kupima kutoka taa ya kushoto na ya kulia, usitumie jicho, maana shoo za siku hizi zina michoro inayodanganya. Nimepaka rangi magari mengi ambayo tatizo lake lilikuwa namba kukaa upande, mwenyewe ameona baada ya kutoboa, akatoboa tena, sasa yapo matundu manne.

Bandika tepu ya karatasi mahali pa kutoboa, weka alama kwa kalamu juu yake. Tepu inazuia rangi kumeguka. Anza na keekee ya milimita 3, mwendo wa polepole, bila kuegemea. Plastiki ikishikwa na kasi inayeyuka na kuwa na ukingo mbaya. Funga tepu kwenye keekee yenyewe ukiacha kama milimita 6 za mbele, ili ikipita isizame ndani. Ndipo upanue. Usitoboe boriti iliyo nyuma, hata kama inaonekana kama mahali pazuri pa kushikia. Ile ni ya kupokea ajali. Na karibu na mbeba rejeta kwenye gari nyingi kuna sensa za mgongano zinazoamrisha mifuko ya hewa. Drili isifike huko.

Tundu likishakuwa tayari, weka nati za plastiki za kupanuka. Zinashika pande zote za tundu bila kulipasua. Weka washa ya mpira mbele. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, la sivyo masika moja tu utaona michirizi ya kahawia inashuka kwenye bampa jeupe, na ile haitoki kwa sabuni.

Bi_Mkubwa_Bangwe

Na hizi tepu za pande mbili? Mwanangu kabandika namba kwa tepu, inaonekana nadhifu sana.

FundiBampa_Ujiji

Shikamoo mama. Tepu nzuri ya povu ile nyeusi au kijivu inashika kweli, lakini ina masharti. Bampa lisafishwe kwa spiriti, lisiwe na nta wala mafuta, tepu ibonyezwe kwa nguvu, na gari isioshwe kwa siku nzima. Na iwe sehemu isiyo na mbinuko, kwa sababu bati linataka kurudi lilivyokuwa na linaivuta tepu taratibu mpaka iachie. Wanaoosha magari kwa presha nao wanalenga maji kwenye ukingo wa namba. Mimi naikubali tepu kama msaidizi wa bolti, kwa kuzuia kelele. Ikiwa peke yake, mama, mwambie aikague mara kwa mara.

Bi_Mkubwa_Bangwe

Marahaba. Nitamwambia, hasikii lakini nitamwambia.

Teksi_Stesheni

Noah, namba nyeupe ya biashara. Sensa za mbele zinapiga piii bila kukoma tangu nifunge fremu pana ya plastiki yenye jina la duka. Mbele hakuna kitu.

MwanaGungu

Mkuu, kilicho mbele ni hiyo fremu. Sensa za kuegeshea zinatoa sauti ya juu ambayo sikio halisikii, inagonga kitu na kurudi. Sauti inatoka kwa kutawanyika, siyo mstari mmoja, kwa hiyo kitu kikitokeza pembeni ya sensa kinarudisha mwangwi hata kama hakijaifunika. Fremu yako imetokeza.

Pima hivi: gari ikiwa imesimama mahali wazi, switi iko oni, sensa zimewashwa, mtu ashike pleti kwa mkono mahali unapotaka kuifunga kabla ya kufunga chochote. Kukiwa kimya, hapo ndipo. Ikipiga, sogeza ndani au shusha. Toa hiyo fremu, weka pleti tupu ilale karibu na bampa. Fremu zenye maandishi makubwa nyingine zinafunika ukingo wa chini wa herufi pia, na hilo pekee linatosha kukusimamishia gari.

Teksi_Stesheni

Nimeitoa. Kimya. Asante.

Mlimani_Manyovu

Wakuu, mnasema nini kuhusu joto? Nina gari ya tabo, napanda milima ya huku Buhigwe kila siku. Naona namba inaziba tundu la hewa la chini.

MwanaGungu

Swali zuri. Kwa gari ya kawaida pleti iliyokaa mahali pake haipandishi joto, waliounda gari walishaihesabu. Gari ikichemka mlimani tazama kwanza maji, feni, na mapezi ya rejeta kama yamejaa mbegu za nyasi na vumbi.

Kwa gari ya tabo inategemea intakula, kile kipoza hewa ya tabo, iko wapi. Forester ya tabo yenye pua juu ya boneti, intakula iko juu ya injini, namba ya mbele haiigusi. Gari yenye intakula mbele, chini kwenye bampa, hapo usiweke pleti katikati ya tundu la hewa. Ipandishe kwenye sehemu ngumu ya bampa, kati ya tundu la juu na la chini. Na angalia kama nyuma ya shoo kuna vipande vya plastiki vinavyofunguka na kufunga vyenyewe. Gari nyingi mpya zinavyo, vinaongeza au kupunguza hewa kulingana na joto la injini. Bolti au tai ya plastiki ikivizuia kufunguka, hapo ndipo utakuwa umejiletea joto kweli.

DadaKibirizi

Kaka, nimerudi. Namba nimeirudisha chini kwa kibao cha alumini, imekaa vizuri mno. Nembo nimesafisha. Taa bado inawaka. Nimetembea mpaka Mwandiga na kurudi.

MwanaGungu

Pole dada. Niulize: ile nembo ni ile iliyokuja na gari? Wakati wa kufunga namba kwenye shoo, fundi aliigusa?

DadaKibirizi

Aliipasua kidogo alipokuwa anabana zile tai. Akaninunulia nyingine nzuri inayong'aa, akaibandika.

MwanaGungu

Basi tumefika. Nembo ya gari yenye rada imetengenezwa makusudi, ni plastiki yenye unene sawa mahali pote, na ule mng'ao wake umewekwa kwa namna ambayo mawimbi yanapita. Nembo za kawaida za dukani zina rangi ya chuma inayoyarudisha, au unene usio sawa unaoyapotosha. Macho yako yanaona nembo, rada inaona ukuta.

Usimruhusu mtu kuifungua rada yenyewe wala kugusa skrubu zake za pembeni. Zile ndizo zinazoelekeza inakotazama, na zikisogea kidogo tu italazimika kupimwa upya kwa mashine na kibao maalumu. Mpaka sasa rada yako haina kosa, haijaguswa.

Kwa sasa gari iendeshe kama kawaida, breki zako za mguu ziko sawa, ila usitegemee ile ya kujifunga yenyewe. Agiza nembo halisi ya gari yenye rada. Iliyotumika kutoka gari iliyokatwa pia inafaa, mradi haina ufa wala haijapakwa rangi. Ukiagiza mpe muuzaji namba ya chesisi, usimpe jina la gari na mwaka peke yake, maana anaweza kukuletea inayofanana kwa macho ikawa ni ya gari isiyo na rada. Ikifika nipigie nije Kibirizi, nembo inapachikwa kwa vibanio vya nyuma na kuing'oa hii ya gundi kunataka uzi wa kuvulia samaki, usije ukaikwangua shoo.

DadaKibirizi

Uzi wa samaki hapa Kibirizi haukosekani, kaka. Naagiza leo.